Uso Uliokosa Wekundu

Watu walimwita Mzee Kadi kwa sababu ilikuwa nadra ndoa kufungwa mjini bila kadi kutoka kiwanda chake cha uchapaji. Si mara moja wala mbili familia zilifika pale zimenuniana, kila upande ukitaka jina la mzazi wake litangulie. Naye aliwakalisha kwenye benchi, akazima mashine ili wasikilizane, na walipotoka walikuwa wamekubaliana mpaka rangi ya utepe. Ndiyo maana majirani wakaanza kumshawishi agombee ubunge. Alikataa, akakataa tena, mwishowe kichwa kikavimba kidogo, akakubali.

Aligombea bila chama, kama mtu wa kati. Mgombea wa chama tawala alitaka soko kuu livunjwe yajengwe maduka ya ghorofa. Wa upinzani aliapa kwamba halitaguswa hata tofali moja. Mzee Kadi alisema paa linavuja na mifereji imeziba, kwa hiyo litengenezwe upande mmoja mmoja, wauzaji wakiwa humohumo ndani wanaendelea na biashara. Yalikuwa maneno ya akili, ila hayakuwa maneno ya kupigiwa makofi.

Na huyo wa upinzani, aliyepigiwa makofi mpaka watu wakaumia viganja, alikuwa mtu aliyetoka mikononi mwake. Mzee Kadi alimpokea kiwandani hajui hata kunyoosha karatasi, akamfundisha kukata, kuchanganya wino na kusoma rangi. Alipoondoka kwenda kufungua duka lake la mabango, Mzee Kadi alimpa baraka zote na mashine moja kuukuu ya kuanzia. Sasa mji mzima ulimwita Kipaza, kwa ile sauti yake.

Siku moja Mzee Kadi aliingia kwa kinyozi, akajidai amekuja kupunguza ndevu, kumbe anataka dirisha. Ng'ambo ya barabara Kipaza alikuwa anahutubia. Umati ulijaa mpaka kwenye ngazi za duka la dawa. Mzee Kadi aliwatambua watu mmoja mmoja: wale niliwachapia kadi bure walipofiwa, yule mwanawe nilimfanyia mpango wa shule. Wote midomo wazi, kama watoto wanaosubiri pipi. Kisha akaiona kanga ya mkewe. Mkewe alikuwa amesimama karibu na jukwaa, anacheka mpaka anajifuta machozi.

"Geuza shingo kidogo, mzee," kinyozi, aliyehamia mjini juzijuzi, alisema. "Huyu bwana anajua kuongea. Siyo kama yule mwingine wa katikati, sijui nani, ukimsikiliza unasinzia."

Mzee Kadi aligeuza shingo. Macho yalibaki dirishani.

Jioni alimuuliza mkewe alikuwa wapi.

"Nilipita kumsikiliza kijana wetu," mkewe alijibu bila kuficha. "Kwani kuna ubaya gani? Kura yangu unaijua iko wapi."

"Na kicheko je?"

"Baba nanii, usianze."

Hakuanza, lakini sahani aliisukuma kando. Tangu hapo kila alichokiona kilimchoma. Watoto wa jirani wakiigiza sauti ya Kipaza, roho inamuuma. Mteja akimsifu Kipaza, anamkatiza. Mwenyewe alijua ni kijiba cha roho, na alijua kwamba mtu anayehubiri kusikilizana hapaswi kuwa nacho. Kujua huko hakukumsaidia kitu.

Ndipo Kipaza alipokuja kiwandani mwenyewe, bila wapambe.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umepotea njia?"

"Nina mabango ya kufungia kampeni. Pale kwangu mashine zimezidiwa. Na nikisema kweli, rangi ya ngozi ya mtu hakuna anayeipata kama wewe."

Angekuja na kiburi, Mzee Kadi angemfukuza. Alikuja na heshima, na heshima ile ilimchoma kuliko matusi. Alipokea kazi.

Mashine ilipoanza kuzunguka, alikwenda mwenyewe kwenye matangi ya wino, akaubana wino mwekundu. Kidogo tu. Uso wa Kipaza ukaanza kutoka mmoja baada ya mwingine, umepauka, wa kijani kijani, kama wa mtu aliyelazwa akaruhusiwa mapema mno. Mama fundi, aliyeendesha ile mashine miaka yote, alichukua karatasi moja akaisogeza kwenye mwanga.

"Bosi, hapa wekundu umepungua."

"Picha yenyewe ndivyo ilivyo."

Mama fundi aliirudisha karatasi kwenye rundo, akaenda kunawa mikono, na siku ile hakuongea naye tena.

Mabango yalibandikwa mji mzima, na kilichofuata Mzee Kadi hakukitarajia. Watu walisema Kipaza anaumwa. Wengine wakatia chumvi kwamba amelishwa sumu kwa ajili ya kutetea soko. Akina mama walimwombea, madereva walimpigia honi, na mkutano wake uliofuata ulifurika kupita yote. Mzee Kadi alisikia kelele zile akiwa kiwandani, akakaa juu ya boksi la karatasi, akajicheka kwa uchungu.

Kesho yake Kipaza alirudi, akaliweka bango mezani.

"Mwekundu ulibanwa, baba."

Mzee Kadi alifikiria kusingizia mashine. Lakini aliyesimama mbele yake, yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha kusoma rangi, na bango lilikuwa wazi kati yao.

"Niliubana mimi."

"Kwa nini?"

"Nakuonea wivu. Unavyoongea. Watu wanavyokutazama. Mke wangu alivyocheka. Sina sababu nyingine."

Kipaza alivuta benchi, akakaa. "Mimi nikitoka jukwaani nakaa kwenye gari peke yangu, najiuliza nimewaahidi nini hawa watu. Wewe ukisema, huendi nyumbani na swali hilo. Hilo nimelionea wivu tangu nikiwa hapa."

Mzee Kadi aliinuka, akawasha mashine, akaufungulia mwekundu, akayachapa mabango yote upya. Mama fundi alimpokea karatasi.

Kura zilipohesabiwa, Kipaza alishinda. Mzee Kadi alishika mkia, ingawa mtaa wake wote ulimpa yeye. Alivaa shati safi, akaenda na mkewe kumpongeza. Uani kwa Kipaza watu walikuwa wanaruka na kuimba jina lake. Mheshimiwa mpya alipomwona, aliinuka akampisha kiti chake, na umati ukapiga makofi kwa unyenyekevu wake. Basi ule wivu ukarudi palepale, soda aliyopewa akaiweka chini.

"Hongera," alisema. "Sasa mvua zikija, paa la soko utalifanyaje? Uliapa hakuna tofali litakaloguswa."

"Paa si tofali, baba."

"Paa linakaa hewani?"

Kipaza alicheka, kisha hakucheka tena. Akasogeza kiti karibu. Waimbaji walichoka wakaondoka mmoja mmoja, na mkewe Mzee Kadi alikwishavua viatu akiwangoja, nao bado wanabishana.