Radhi Niliyoipeleka kwa Akina Baba

Nakiri kwanza: majina niliyatoa mimi.

Nilikuwa mwalimu mkuu, tena mwalimu pekee, wa shule ya udongo mlimani juu ya Matombo. Kusoma nilijifunza mwenyewe, kwa hiyo kila siku niliogopa watu wangegundua sijui kitu. Daftari la mahudhurio nililiandika upya kila wino ulipodondoka. Akida wa Wajerumani alipolisifu, nikavimba kichwa. Akauliza wasiohudhuria wanatoka nyumba zipi. Nikamsomea zote bila kukwama.

Watoto wale walikuwa mashambani wakifukuza nyani kwenye mahindi. Akida, aliyejua mila za huko kuliko mimi niliyelelewa Morogoro mjini, akawachapa wajomba zao viboko. Kesho yake hakuja mwanafunzi hata mmoja.

Nikawaita akina baba, nikawaomba radhi kwa hotuba niliyoikariri siku mbili. Waliitikia kwa upole, wakaenda zao. Shule ikabaki tupu. Mjomba mmoja nikakutana naye njiani.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwalimu wa vitabu! Nimechapwa mimi, radhi unampa shemeji yangu? Kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama. Hilo halimo kitabuni?"

Masikio yaliniwaka kwa aibu. Nikamwomba radhi palepale, bila hotuba.

"Na akida akirudi?"

"Hapati jina."

"Haya, tutaona."

Nililichoma daftari. Akida akarudi, akataka nyumba za wanafunzi wote.

"Siwataji, bwana."

"Kwani shule hii ya nani?"

"Ya wanaoniletea watoto."

Nikalazwa chini, nikapigwa mgongoni na makalioni viboko ishirini na vitano, hamsa ishirini tuliyoijua wote. Ningependa kuandika kwamba sikulia. Nililia sana. Jina sikutoa.

Siku ya tatu mjomba yule alisimama mlangoni na mpwa wake, wajomba wenzake wakiwa nyuma na wapwa wao.

"Mwalimu, vua shati tuone."

"Sivui. Nilikuambia hapati jina. Mkiniamini, niaminini kwa neno langu. Mgongo wangu si cheti."

"Ana kiburi huyu!" akasema, akacheka, akamsukuma mpwa wake ndani.

Wenzake wawili waligeuka wakaondoka na wapwa wao. Sikuwaita. Nikaanza somo na waliobaki, nikiwa nimesimama, maana kukaa nilikuwa siwezi.