Fundi Aliyeziba Madirisha ya Kanisa

Odhiambo alitoka Ugenya akiwa kijana, akaajiriwa kuwa fundi wa mawe kwenye shamba moja la kahawa karibu na Ruiru. Kanisa dogo la Kikatoliki la wafanyakazi alilijenga yeye, na binti yake Apiyo alibatizwa humo. Mfagiaji alikuwa Wakonyo, mjane wa Kikuyu aliyemgombeza kila alipoingia na viatu vya matope.

Mwaka wa 1954, wakati wa hali ya hatari, serikali ya kikoloni ikiwakamata Wakikuyu kwa shuku ya uasi, padri alihamishiwa Thika na kanisa likafungwa. Msimamizi wa shamba akamwita Odhiambo.

"Ziba madirisha yote kwa mawe. Linakuwa ghala."

Odhiambo hakuuliza kitu. Akafanya kazi siku mbili.

Siku ya tatu asubuhi, akiwa bado ananawa saruji mikononi, lori likafika. Hakukuwa na gunia hata moja. Walishushwa wanawake, mikono kichwani, askari nyuma yao. Mmoja wao alikuwa Wakonyo.

Maji yakamchuruzika Odhiambo hadi viwikoni.

"Baba Apiyo," Wakonyo akasema akimpita, "ni wewe umeziba?"

Mlango ukakomewa. Jua lilipopanda, mabati ya paa yakapata moto, na akasikia kikohozi ndani, kisha vikohozi vingi, kisha ngumi zikigonga ukuta wake.

Akachukua nyundo, akazunguka nyuma, akaanza kubomoa. Saruji ilikuwa bado mbichi. Mawe matatu yakaanguka kabla askari hawajamfikia. Kitako cha bunduki kilimvunja kiwiko. Kufikia jioni alikuwa amefukuzwa kazi, yeye na familia yake wakiwa barabarani na vyombo vyao.

Mkono haukunyooka tena. Akawa bawabu wa kiwanda huko Thika.

Wakonyo aliachiliwa kutoka kizuizini baada ya miaka miwili, akamtafuta hadi akampata langoni.

"Lile tundu lilitusaidia," akamwambia. "Tulipokezana kuvuta hewa. Ila Mumbi alikuwa amekata roho kabla hujaanza kugonga."

"Nani?"

"Mumbi, yule mkamuaji wa ng'ombe wa pale shambani."

Odhiambo akauliza jina hilo tena, kana kwamba hajasikia. Kisha akaketi chini pale pale langoni, mbele ya wafanyakazi waliokuwa wakitoka.

"Walimzika wapi?"

"Hatukuonyeshwa," Wakonyo akajibu, akaketi kando yake.