Mkia wa Kaseti

Sie tuliokulia Manzese enzi za redio kaseti, jambo la kwanza kufundishwa nyumbani lilikuwa kunyamaza. Si kunyamaza kwa adabu mbele ya wakubwa tu, hilo nalo lilikuwepo. Nasema kunyamaza kwa sababu mama anarekodi. Alikuwa anafunga mlango, anaweka redio juu ya kigoda, anabonyeza vitufe viwili kwa pamoja, kisha anatukazia macho. Ole wake atakayecheka.

Mama alikuwa anamtumia bibi barua ya mdomo. Bibi, mama yake mama, aliishi Newala na hakujua kusoma, na mama naye kalamu ilimchosha. Basi wakawa wanatumiana kaseti, kama zilivyofanya nyumba nyingi za watu wa kusini pale mtaani kwetu. Kaseti inafungwa kwenye kipande cha khanga, anapewa mtu anayesafiri, pamoja na sukari na sabuni. Ikiwa masika basi linakwama kwenye tope huko Rufiji, abiria wanalala njiani, na salamu zetu zinalala nao. Miezi inapita. Halafu siku moja anabisha hodi mgeni ana korosho na ming'oko, vile viazi vya porini vya kwetu, na ndani ya kifurushi kuna kaseti ileile. Ileile, maana ilikuwa moja tu. Bibi alirekodi majibu yake juu ya maneno ya mama, na mama akarekodi yake juu ya maneno ya bibi, sauti moja inafuta nyingine.

Jioni ya kaseti ilikuwa sikukuu. Betri zimeanikwa juani tangu asubuhi zipate nguvu kidogo, mkanda umerudishwa kwa kalamu ili tusizimalize hizo betri, na majirani wanaotoka kwetu wameshakaa mkekani. Korosho zinanukia moshi. Bibi anaanza kusalimia, na baba, mtu mzima mwenye ndevu zake, anaiambia redio shikamoo.

Ila bibi hakuwa msemaji. Angetaja aliyekufa, aliyezaa, mvua zilivyo, basi, kwaheri. Kitufe kinalia. Na kwa kuwa mama alikuwa amesema mengi kuliko yeye, palepale bibi anapoishia inatokea sauti ya mama mwenyewe, ile ya zamani ambayo haikufutwa, inaanzia katikati ya sentensi. Tuliita mkia. Sie watoto tulikuwa tunausubiri mkia kuliko hata salamu. Mara utasikia, "...na jogoo huyo unayemsikia si wetu, ni wa jirani, ananichosha." Maana mama alikuwa na tabia hiyo, kila mlio ukiingia lazima amweleze bibi ni wa nini, kusudi asipate wasiwasi kule aliko. Tukicheka mama anasema, "Nyie chekeni tu. Siku nikifa mtautafuta huo mkia." Tukacheka zaidi.

Mie, Bakari, nilikuwa mtoto wa kifua. Manzese ile ilikuwa vumbi tupu, moshi wa mkaa, wachomea vyuma, na usiku mama alikuwa ananichua kwa mafuta ya nazi yaliyochemshwa na kitunguu saumu. Mpaka leo nikisikia harufu hiyo napumua vizuri, hata kama ni jikoni kwa mtu.

Siku hizi naishi Chanika, nimejenga. Mama alihamia kwa dada yangu Temeke, naye akanunuliwa simu ya kupangusa. Kuandika humo hakuweza, herufi zilikuwa ndogo, lakini alipoonyeshwa kitufe cha kurekodi sauti alikipata siku hiyohiyo. Kitu gani kigeni kwake? Kila asubuhi nikawa naamka na sauti yake. Ananiambia alivyolala, anachopika, nani amepita dirishani. Mwanangu Zuhura naye alikuwa anatumiwa, lakini watoto wa siku hizi hawana muda. Alikuwa anamsikiliza bibi yake kwa mwendo wa mara mbili, sauti inatoka kama ya kifaranga, akimaliza anaifuta simu isijae. Nikamwambia, mwanangu, bibi yako huyo, unamkimbiza anakwenda wapi? Akacheka. Sie kaseti ikienda mbio ujue imeharibika, mnaitoa haraka kabla haijatafunwa.

Mama alifariki. Simu yake ilifutwa ikauzwa, sauti zake zikabaki kwenye yangu tu, asubuhi zote zile, na mie nikawa nasikiliza moja moja nikienda kazini. Sikuona haja ya kuzihamisha popote. Zingekwenda wapi, na simu ni yangu, nimeinunua kwa jasho langu?

Hapo ndipo nilipokosea. Asubuhi moja simu ikaomba kusasishwa, nikabonyeza nakubali, kama tunavyokubali kila kitu siku hizi bila kusoma. Ikazima, ikawaka, ikaganda. Nikaipeleka Manzese kwa fundi, kijana mstaarabu, akaigeuzageuza. Enzi zetu kitu kikiharibika unakifungua. Hii imegandishwa kwa gundi kila upande, aliyeiunda hakutaka uone tumbo lake.

"Mzee, naweza kuifufua," akaniambia, "ila mpaka niifute yote. Vitu vyako vitakuwa viko kwenye akaunti. Neno la siri unalikumbuka?"

Neno la siri. Simu ile niliinunua Kariakoo, na dada wa dukani, mchangamfu, aliniuliza, "Baba, nikufungulie na akaunti kabisa?" Nikamwambia fungua tu mwanangu. Akabonyeza, akakubali masharti yote kwa niaba yangu, akatunga neno la siri kichwani mwake, akanikabidhi simu inawaka. Najua msomaji unanicheka, lakini na yako ilifunguliwa hivyohivyo. Nilirudi Kariakoo. Duka limekuwa la mapazia, dada hayupo, na hakuna anayejua alikokwenda.

Zuhura akahangaika kwa simu yake. Mashine ikauliza neno la siri la zamani. Ikauliza mwezi niliofungua akaunti. Ikasema itatuma namba za kuhakikisha kwenye laini ambayo nilishaiacha, na laini hiyo, nikipiga, anapokea mama mmoja wa Dodoma aliyeuziwa kihalali. Mwisho ikatuletea maneno ya Kiingereza, na Zuhura akayasoma taratibu, akaona aibu kunitazama.

"Baba, wanasema wameshindwa kuthibitisha kwamba wewe ni wewe."

Nikauliza ofisi yao iko wapi niende. Hakuna ofisi. Nimpigie nani? Hakuna wa kumpigia. Zamani maji yakikatwa ulikwenda ofisini, ukakaa kwenye benchi, ukaambiwa njoo kesho na mtu mwenye sura, ukimchukia unajua unamchukia nani. Hawa matajiri wa simu wanatuhesabu mabilioni dunia nzima, wanajua napenda viatu gani, nikitaja godoro sebuleni jioni naletewa matangazo ya magodoro, lakini nikitaka sauti ya mama yangu hawanijui. Iliniuma, nisidanganye. Nililia chooni, mtu mzima, nimefungulia maji ndoo ijae watoto wasisikie.

Dada yangu wa Temeke ndiye aliyekumbuka sanduku la bati la mama. Chini kabisa, ndani ya kipande cha khanga, ilikuwepo kaseti. Ni ileile, kama bibi alivyoirudisha mara ya mwisho. Bibi alifariki kabla hajajibiwa, na mama hakuwa na moyo wa kurekodi juu yake. Nikazunguka mitumba ya Manzese mpaka nikapata redio kaseti inayocheza, nikaja nayo Chanika. Nikaketi sebuleni na Zuhura, simu zote zimezimwa. Mkanda ulikuwa mkavu, na ukikatika, ndiyo basi.

Bibi akasalimia. Nikaitikia. Akataja aliyekufa, aliyezaa, korosho zilivyo mwaka huo. Kwaheri. Kitufe kikalia, na mie nikashika ukingo wa kiti.

"...nimemchua mafuta, lakini wapi," akasema mama, kwa sauti ya msichana, mdogo kuliko nilivyo mie leo. "Huyo unayemsikia anakohoa ni Bakari. Wa jirani naye ana kikohozi, lakini huyu ni wangu, hata akiwa nyuma ya ukuta namjua. Usihofu, mama, atapona."

Na nyuma ya maneno yake kulikuwa na mtoto anakohoa. Kisha mvumo mtupu, mpaka mkanda ukaisha.

Zuhura alikuwa analia kimyakimya. Baadaye akashika simu yake akaniuliza, "Nimrekodi bibi, baba? Nimhifadhi?" Nikamuuliza atamhifadhi wapi. Akaiweka simu mezani.

Nilichukua kisu nikavunja vile vijino viwili vya juu ya kaseti, kama tulivyokuwa tunafanya kwa kaseti ambayo hatutaki mtu arekodi juu yake. Mama hakuwahi kuvivunja, alijua atajibiwa. Nimeirudisha kwenye khanga. Siichezi ovyo, mkanda unazeeka.

Watoto wa siku hizi wanatambuliwa na simu kwa uso, kwa kidole, hata gizani, na wanaona hilo ndilo la kujivunia. Mie aliyenitambua kwa kikohozi yuko makaburini Temeke. Vumbi la Chanika nalo si dogo, usiku kifua kinanibana, nakohoa, na nyuma ya ukuta hakuna anayesema huyo ni wangu.