Siku Niliyokata Mshipi wa Mjomba

Juzi nilivuka kwa feri kutoka Luanda Kotieno kwenda Mbita. Nikasimama ukingoni kwa sababu nilijua tutapita karibu na yale mawe. Nilipoyaona, nikashika chuma cha ukingo kwa mikono miwili. Mtu mzima mimi, mwenye watoto wakubwa.

Sisi tulikaa Kisumu, mtaa wa Kaloleni, lakini likizo ya Aprili tuliimaliza huku ufuoni kwa nyanya yetu, tuliyemwita Dani. Aprili ni mvua, na mvua ilileta mbuta. Mito ikishaingiza maji mekundu ziwani, samaki wadogo walikimbilia kwenye mawe, na mbuta wakubwa wakawafuata huko huko. Wiki hizo kila boma lilinuka moshi wa samaki. Kazi yangu ilikuwa kugeuza vipande juu ya waya, macho yakiniwasha, na jioni tulikula ugali wa mtama na mchuzi wa kichwa cha mbuta, ule unaoelea mafuta. Ungekuwa nasi ungelamba vidole.

Usidhani lakini ilikuwa raha tupu. Dani hakugusa chakula mpaka mjomba arudi kutoka kuvua. Ziwa lilikuwa limeshamchukua mwanawe mmoja, na mjomba ndiye aliyebaki. Upepo ukibadilika alisimama mlangoni akisema peke yake, "Boti yake haina injini. Haina injini." Nilijifunza hofu kutoka kwake kabla sijajua ninaogopa nini.

Nilipokuwa na miaka kumi, mvuvi mwenzake mjomba alishikwa na malaria katikati ya msimu. Dani alikuwa kanisani, kwenye mkutano wa akina mama. Nikamsihi mjomba anichukue nimsaidie kutoa maji yanayoingia botini. Akakubali kwa sharti moja.

"Ndani ya boti hakuna kusimama. Hata uone nini, wewe keti."

Alivua kwa mshipi mnene wa nailoni na ndoana kubwa, na chambo chake kilikuwa fulu, samaki mdogo wa kwenye mawe, akiwa hai bado. Hatukukaa sana. Mshipi ulivutwa ghafla, na kabla mjomba hajauachilia ulikuwa umemzunguka vidole vya mkono wa kulia. Mbuta akazama kuelekea chini ya mawe. Mjomba akaangukia ubavuni, boti ikalala, maji yakaanza kuingia. Kule mbele mvua ilikuwa inakuja juu ya ziwa, nyeupe, na sauti yake nikaisikia.

Kisu kilikuwa nyuma yangu, chini ya ubao. Nikakichukua.

"Usikate!" mjomba akapiga kelele. "Acha hicho kisu! Keti!"

Vidole vyake vilikuwa vimegeuka vyeusi. Nikasimama. Nikapiga hatua mbili, nikakata.

Boti ilirudi wima kwa kishindo, nami nikaanguka, kwa bahati nikaangukia ndani. Mjomba alitazama pale mshipi ulipopotelea, kisha akapiga kasia kwa mkono mmoja na nusu mpaka mvua ikatufikia.

Dani tulimkuta amesimama majini hadi magotini, na gauni lake la kanisani. Hakunipiga. Alifungua uzi uliobaki kwenye vidole vya mwanawe, pole pole, kisha akauliza, "Nani alikata?" Nikasema ni mimi. Akanivuta, akanikumbatia hadi nikakosa pumzi. Mjomba alitupita, akaingia nyumbani.

Vidole vilipona, isipokuwa kile kidogo, ambacho hakikukunjika tena. Lakini likizo ile yote mjomba hakunitazama usoni. Jioni aliwasimulia majirani habari za mbuta mrefu kama mlango, nami nikajificha jikoni, nikijua ni nani aliyemnyima samaki huyo. Nilirudi Kaloleni na jambo hilo, nikakua nalo.

Siku hizi nyuma ya yale mawe kuna vizimba vya kufugia samaki. Mbuta ninaowaona sokoni hawafiki urefu wa mkono wangu, na watu wa mshipi wamebaki kuhesabika. Waya za Dani za kukaushia samaki zililiwa na kutu baada ya sisi kumzika. Mjomba naye ametuacha mwaka huu.

Kabla hajafa nilienda kumwona. Nikajikaza, nikamwomba msamaha kwa ajili ya yule samaki.

"Samaki gani?" akauliza.

"Yule uliyeniambia nisikate mshipi wake."

Akautazama mkono wake wa kulia.

"Nyathina," akasema, yaani mwanangu, "ulikuwa umesimama. Mimi mkono umefungwa. Ungeanguka, ningekushika kwa mkono gani?" Akavuta pumzi. "Likizo ile, kila nikikuangalia, nilikuona uko majini."