Ng'ombe wa Kumkumbuka Mwalimu

Kwetu Ikuti, ng'ombe akiingizwa kwenye ua wa nyumba yenye binti, hakuna anayeuliza kaja kufanya nini. Majirani hupiga vigelegele hata kabla kamba haijafungwa. Ndivyo walivyofanya asubuhi ile, nami nimesimama mlangoni, nimefaulu kwenda sekondari na sina wa kunilipia ada.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara zilipofunguliwa. Mitumba ilijaa tele gulioni Tukuyu, na shuleni wazazi walikuwa wameanza kuambiwa wachangie. Mwalimu wetu mkuu, aliyekuwa akipita nyumba kwa nyumba kuwagombeza wazazi waliowaficha watoto migombani, alikuwa amefariki. Nilimpenda mno. Wanafunzi wake wa zamani waliamua kumsomesha mtoto mmoja kwa jina lake, wakanichagua mimi. Wangetoa ng'ombe wa maziwa. Maziwa yauzwe, ada ipatikane, kama mwalimu mwenyewe alivyowasomesha wanawe. Wazo zuri. Ila aliyemleta ng'ombe alikuwa mtoto wa kiume wa mwalimu, kijana asiye na mke, kavaa shati lililopigwa pasi.

Baba alimtazama ng'ombe, kisha akalitazama shati.

"Shikamoo, baba. Nimeleta ng'ombe wa kumkumbuka marehemu."

"Marahaba. Wa kumkumbuka marehemu, au wa kunikumbusha mimi kwamba nina binti?"

Kijana akacheka. Hapo ndipo alipoharibu. Baba hakuwa mtu wa kuchekewa, akamwamuru amrudishe ng'ombe alikomtoa.

"Leo msaada, kesho watamfuata mtu wao," mama akasema.

Nililia kwa hasira, maana shule zilikuwa zinafunguliwa wiki iliyofuata. Lakini hata mimi nilishuku. Tangu lini mtu akapiga pasi shati la kuswaga ng'ombe? Niliapa kwamba wakija kunidai niolewe, nitatorokea kwa shangazi kule Isongole.

Kesho yake akaja mjane wa mwalimu, anamvuta ng'ombe yule yule, tope limempanda hadi magotini. Safari hii hakuna aliyepiga vigelegele, kwa sababu mahari hailetwi na mwanamke peke yake. Alimpita baba, akanikabidhi kamba mkononi.

Baba hakulegea. "Mama Mwalimu, tuambiane ukweli. Huyu ni ng'ombe wa mahari au si wa mahari?"

"Ni wa mahari."

Mama akashika kiuno. Mimi nikaiachia kamba ikaanguka.

"Mwanangu ana mchumba wake kule Masukulu," mjane akaendelea. "Huyu tulimtunza apelekwe kwa wakwe. Wale wanafunzi wa zamani waliahidi ng'ombe kwenye matanga, mpaka leo kimya. Na shule zinafunguliwa. Nikamwambia mwanangu angoje kuoa, akakubali. Akaomba amlete mwenyewe, na akavaa shati la baba yake."

Uso ulinichoma kwa aibu. Baba akainama taratibu, akaiokota kamba.

"Ndaga fijo, mama. Asante sana," akasema. "Na huyo binti wa Masukulu, anajua kwamba ng'ombe wake kaja huku?"

"Anajua. Nilimfuata kwao kumwomba radhi."

"Akasemaje?"

"Aliuliza kama mtoto mwenyewe anapenda shule. Naye alifundishwa na marehemu."