Mwanya wa Mama Yake Umi

Mboni hali akashiba siku hizi, na mimi ninajua kwa nini. Watu wanasema amerogwa. Amerogwa wapi! Dhamiri inamsuta, na yangu pia haijatulia.

Mboni ndiye mpiga video wa akina mama hapa Kilwa Masoko, na usinibishie, mimi nashona nguo baraza moja naye. Harusini wanawake wakishafunga mlango wa uani na kuvua mitandio, wapiga picha wanaume hutolewa nje, anaitwa yeye. Ana sharti moja, nalo halivunji: kazi ikiisha anafuta kila kitu mbele yako, uone kwa macho yako. Video za wanawake waliojiachia hazilali kwenye kompyuta yake. Ndiyo maana waume hawana neno naye.

Basi akaja Umi, binti wa kule Pande, na flashi. Ndani yake ilikuwamo video ya ngoma ya uani ya harusi ya shangazi yake, ya zamani sana, na mama yake Umi anacheza humo. Mama huyo alifariki Umi hajaanza hata kutembea, na picha nyingine hakuacha. Sidii yenyewe ilikotoka video hiyo, wajomba walishaitundika shambani kutishia ndege kwenye mpunga. Wanaume hawa, Mungu anawaona! Flashi ndiyo iliyobaki, nayo ilionyesha watu kama wako nyuma ya chandarua.

"Da' Mboni, naolewa mwezi ujao," Umi akasema. "Nataka nimwone mama uso wake. Na iwe ndogo, iingie kwenye hii simu yangu."

Mboni akajaribu programu mbili. Ya kwanza ilijikokota, feni ya kompyuta inalia kutwa, na mwisho wake picha ikatakata kidogo tu, kila kitu kimebaki kilivyokuwa. Faili nalo likawa kubwa, simu ya Umi isingelibeba. Ya pili, eeh! Ilikuza picha, ikang'arisha nyuso, kisha ikalibana faili likawa dogo. Akaniita nitazame. Mama Umi anacheka, meno yote yamepangika.

"Mbona huku ana mwanya?" nikamuuliza, namwonyesha ile ya zamani.

"Programu imeuziba. Pasipoonekana vizuri inakisia yenyewe." Akacheka. "We nawe! Mabibi harusi wote wananiomba niwatoe chunusi. Nani atalilia mwanya?"

Nilikuwa na gauni la mtu, zipu imenishinda, nikarudi kwenye cherehani yangu. Laiti ningesema neno moja tu.

Umi alipokuja kuchukua, Mboni akafanya kama kawaida yake. Akafuta ya zamani kwenye kompyuta, akaipangusa flashi yote, kisibaki cha kurudishwa popote, akaijaza ile mpya. Umi alisimama pembeni yake akiangalia, akamshukuru kwa uaminifu. Ndipo akamfungulia.

Umi alilia, akacheka, akairudisha nyuma, akatazama tena. Halafu akasogeza uso karibu na kioo.

"Mama alikuwa mzuri hivi?" akasema taratibu. Akagusa meno yake ya mbele, na hapo ndipo nilipouona, mwanya mpana katikati. "Shangazi alikuwa ananiambia huu mwanya ni wake. Shuleni wakinicheka nalia, ananiambia, usilie, mama yako huyo. Kumbe alikuwa ananibembeleza tu."

Mboni akanitazama. Nami nikainamia kitambaa, Mungu anisamehe.

Angeweza kunyamaza. Umi angeondoka na video yake nzuri, na asingejua maisha yake yote. Lakini Mboni alishindwa. Alimshika mkono.

"Shangazi yako hakukudanganya, mdogo wangu. Mwanya ulikuwepo, niliuona. Programu iliuziba, na mimi nikaona imempendezesha. Nimekukosea, Umi. Nimekukosea sana."

Nilidhani binti atapiga kelele. Hakupiga. Alipangusa macho kwa ncha ya mtandio, na uso wake ukafunguka, maana alikuwa amerudishiwa mama yake. Akaichomoa flashi, akamnyooshea Mboni.

"Haina neno, dada. Nirudishie tu ile uliyoifuta, yenye ukungu."