Mama Gathoni wa Laini ya Pareto

"Na huyu ni wa ngapi, mama?"

Akeyo aliuliza kwa wema tu, pale mferejini, akingoja debe lake lijae. Alikuwa mgeni kwenye kambi ya vibarua, mke wa Odero dereva wa trakta, na hakujua habari za mtu yeyote. Wanjugu alitazama tumbo lake, akatazama maji, akasema, "Wa kwanza."

"Basi jitayarishe," Akeyo akacheka. "Wa kwanza hutoka akiwa amekasirika. Wangu alinipiga teke hata kabla sijamwona uso."

Wanjugu naye akacheka, akaweka kamba kwenye paji la uso, akaliinua debe lake. Alipofika kona ya shamba la pareto, yale maua ya dawa ya wadudu, akasimama. Alikuwa amemkana mtoto wake kama Petro alivyomkana Bwana, na hakuna hata jogoo aliyewika.

Mtoto wa kwanza alizaliwa mwaka wa hamsini, wakati wa mvua ndefu, kwenye shamba hilo hilo la mzungu karibu na Sachangwan. Aliitwa Gathoni, jina la mama wa Kinyanjui, mumewe, maana ndivyo Wakikuyu wafanyavyo: msichana wa kwanza ni nyanya yake upande wa baba, wa pili ni nyanya yake upande wa mama. Kinyanjui akitoka kukama ng'ombe alimwinamia mtoto, akamwita "mama," akimwomba asimgombeze. Na Wanjugu akawa Mama Gathoni. Hata nyapara alimwita hivyo akigawa vikapu vya kuchumia.

Homa ya kifua ikamchukua mtoto kabla hajajua kukaa. Wakamzika ukingoni mwa shamba. Wanjugu aliporudi kazini nyapara akaita, "Wanjugu," na wanawake wote wakafuata. Hakuna aliyetaka kumuumiza. Waliliondoa lile jina mbele yake kama unavyoondoa kisu mbele ya mtoto. Akimtaja marehemu, walimwambia, "Shukuru Mungu, wewe bado kijana." Kinyanjui yeye alitoka nje kupasua kuni zilizokuwa zimeshapasuliwa.

Halafu mzungu akapanua pareto. Trakta ikapita juu ya yale mawe machache ya kaburi, na msimu uliofuata maua meupe yakasimama pale kama yalivyosimama kila mahali. Wanjugu peke yake ndiye aliyejua ni mstari gani. Akiufikia, aliuruka.

"Umeacha mstari," nyapara alisema.

"Nitarudi," akajibu, na hakurudi.

Mimba ya pili ilipoonekana, kanisani waliimba kwa furaha. Yeye alipiga magoti tu. Akishukuru, aliona kama amemsahau wa kwanza. Akilia, aliogopa wa pili angesikia na kudhani hatakiwi. Hakushona hata kijinguo kimoja cha mtoto. Mtoto akicheza tumboni, alishika pumzi mpaka acheze tena, na neno hilo hakuwa na mtu wa kumwambia.

Mwezi wa mwisho mama mkwe wake, Gathoni mwenyewe, akaja kwa gari la moshi kutoka upande wa Bahati, na kiondo kilichojaa minji, njegere mbichi za shambani kwake.

"Nimekuja kujipokea," mama mzee alisema akiketi. "Na safari hii sina haraka. Nitakaa hapa mpaka niote meno."

Kinyanjui akacheka, mara ya kwanza kwa siku nyingi, na usiku huo akalisalimu tumbo, "Habari, mama." Ndiyo desturi pia: msichana akifa, anayemfuata huchukua jina lile lile, nyanya asibaki bila wa kumrithi. Wanjugu aliona jinsi itakavyokuwa. Wataanza tena kumwita Mama Gathoni, naye ataitika, na hakuna atakayejua kulikuwa na mwingine. Kaburi lilikuwa limeshalimwa. Lilibaki jina. Lakini kumnyima mkwe jina lake ni kama kumfungia mlango akiwa nje, na huyu alikuwa mkwe mwema.

Asubuhi walikaa mlangoni wakimenya minji. Tangu siku ile ya mferejini Wanjugu alikuwa akiomba apate maneno ya kusema, na sasa punje zilimdondoka chini moja baada ya nyingine.

"Unawalisha kuku ama unatulisha sisi?" mama mzee akauliza, akiokota punje chini. Kisha akamtazama vizuri, akaweka bakuli kando. "Sema, mwanangu."

Wanjugu akajipangusa mikono kwenye leso.

"Mama, huyu ni wa pili. Akiwa msichana, naomba achukue jina la mama yangu, kama watoto wengine wa pili. Gathoni wako alishakuja. Na wewe naomba uniite Mama Gathoni leo, kabla huyu hajafika."